Mke wangu alipiga kelele "Tosha kamba!" katikati ya bahari, mimi nikamsahihisha Kiswahili

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siyo chai, ni kweli tupu. Natamani ingekuwa chai.

Mimi ni Mbongo, mzaliwa wa Tanga. Naishi Bredäng hapa Stockholm na mke wangu Furaha, Mkongomani wa Bukavu.

Mwenzangu alijifunza kuendesha boti za matanga hukuhuku hadi akapata cheti. Mimi? Mtu wa Tanga, lakini tanga silijui. Ufukweni kwetu nilikuwa naenda kula mihogo tu.

Mwaka huu tukajibana, tukaenda Karibiani, tukakodi boti ndogo. Plan ilikuwa kuvuka kutoka Saint Lucia hadi Martinique, sisi wawili tu. Yeye nahodha, mimi mvuta kamba.

Kabla sijaendelea, mnijue tabia. Nina ugonjwa wa kumsahihisha mke wangu. Akisema "balikuya" mbele za watu, namrukia: "Walikuja, mama." Jamaa zetu wa Skärholmen wanacheka, naye anacheka. Nikaona ni utani wa kawaida.

Sasa, kwao "kutosha" ni kutoa. Nalijua hilo tangu uchumba. Ningekuwa silijui, leo ningekuwa na pa kujificha.

Tulipotoka kwenye kinga ya kisiwa, upepo ukaja kwa nguvu, boti ikalala ubavu. Tanga la mbele lilitakiwa kulegezwa haraka, na kamba yake ilikuwa imezungushwa kwenye roda ya chuma, ile ya kukazia kamba, mbele ya magoti yangu. Furaha yuko kwenye usukani, akapiga kelele:

"Tosha kamba! Tosha mbio!"

Wakuu, nilielewa. Mkono ulishafika kwenye kamba. Ila mdomo ukatangulia:

"Sema 'toa', mama. 'Tosha' ni..."

Sikumaliza. Aliacha usukani, akanipita, akaitoa mwenyewe. Kamba ikambana vidole viwili kwenye chuma, vikavunjika.

Na bado ndiye aliyetufikisha Martinique, kwa mkono mmoja, bila kunitukana. Bora angenitukana.

Hospitali alimweleza daktari kwa Kifaransa. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, lakini nilimsikia akisema aliteleza. Alinisitiri, wakuu. Nikaona aibu hata kumshikia mkoba.

Vidole vimepona.

Lakini tangu turudi, ananisemesha Kiswidi. Chakula tayari, Kiswidi. Lala salama, Kiswidi. Nilimwomba msamaha, akasema yameisha, kwa Kiswidi. Nikamuuliza mbona hivi. Akanijibu taratibu tu:

"På svenska gör vi fel båda två."

Yaani, kwa Kiswidi tunakosea wote wawili.

Nilichojifunza: mwenzio akiongea, sikiliza anachotaka kukwambia. Mitihani waachie walimu. Kiswahili nilichokuwa nakicheka ndicho alichotumia kunipenda, na nimemfanya akionee haya ndani ya nyumba yake.

Jana alikuwa jikoni anaongea na mama yake kwenye simu. Kiswahili chao kinatiririka, anacheka mpaka anapiga meza. Nikaingia kuchukua maji.

Akahamia chumbani na simu yake, akafunga mlango.

Mliooa au kuolewa na watu wa Kiswahili tofauti na chenu, semeni neno. Hata mkinichana, nastahili.