Toleo Lililosubiri Wenzake

Mimi si mtu wa kusubiri. Hata chai naimeza ikiwa bado inaunguza. Lakini hapa Garissa, mimi na mwenzangu kutoka Elwak tunatunza maktaba tatu za programu huria, vipande vya msimbo ambavyo watengenezaji wa apu huvichukua bure: moja ya tovuti, moja ya simu, moja ya kompyuta za ofisini. Kupitia kwazo apu hujua ni kisima gani kina maji, kuanzia Wajir hadi Ijara.

Mwenzangu ndiye aliyetunga sheria kwamba zote tatu zitoke siku moja, kwa namba moja.

"Walaal, ndugu yangu," aliniambia, "watu wakihama, ngamia wa mwisho asipofungwa mzigo, haondoki mtu."

Nikaipenda. Tukaitangaza kwenye ukurasa wetu kwa majigambo: namba zisipolingana, msichukue.

Kisha ile ya simu ikapata kasoro. Mtandao ukikatika na kurudi, iling'ang'ania jibu la zamani, hata kisima kilichokauka kikaonekana kina maji. Niliirekebisha mapema, lakini ya ofisini ikafeli majaribio, na toleo la 2.4.1 likakwama. Nilizunguka chumbani, nikafungua dirisha, vumbi likaingia, nikalifunga. Abti, yaani mjomba wangu, alikuwa upande wa Hadado na ngamia wake, akitegemea apu mojawapo kuamua aelekee wapi. Kila nikimpigia, hapatikani. Niliogopa, na woga wangu hutoka kama hasira.

"Wewe unakumbuka msafara tu," nilimfokea mwenzangu. "Na sahan je? Yule anayetangulizwa kutafuta maji, naye husubiri mizigo?"

"Itoe," akasema.

Nikaitoa peke yake, kisha nikampigia mtengenezaji wa ile apu, Nairobi.

"Nimeiona," alisema, "lakini hizo zingine bado ziko 2.4.0. Si ni nyinyi mlituambia tusiguse kama hazilingani?"

Nilieleza, nikaeleza tena. Alikuwa mtu mwangalifu, mwangalifu kwa sababu yetu. Nilitamani kulia. Mwenzangu hakubishana naye. Alizichukua zile mbili zilivyokuwa, bila kugusa hata herufi moja ndani, akazibandika 2.4.1. Namba zikalingana. Yule bwana akaridhika, akasambaza apu mpya.

Kesho yake abti akapiga. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, na nyuma yake ngamia wakilia.

"Abti," aliniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "apu imebadilika. Sasa inasema kisima hiki hakina maji."

"Ndiyo, abti. Tumeirekebisha."

"Najua hakina," alisema. "Nimesimama hapa tangu jana."