Bibi Harusi wa Pangoni

Ersilia Capuozzo wa Napoli alirithi fuvu kutoka kwa mama yake, kama wengine wanavyorithi cherehani. Lilikuwa pangoni, chini ya kanisa la mtaa wao, kati ya mafuvu mengi yasiyo na wenyewe. Kila Jumatatu mama alilipangusa, akaliwashia mshumaa na kuiombea roho ya marehemu huyo ipumzike. Nalo liliilinda nyumba yao. Jina lilimjia mama ndotoni: Gaetano, mchukuzi wa bandarini. Likitoka jasho, limekubali ombi. Likikauka, limekasirika.

Wageni walipoanza kumiminika mjini, Ersilia alipewa kazi ya kuwatembeza pangoni. Walifika wakitokea kwenye ngome na makumbusho, miguu inawauma, na habari za mchukuzi ziliwachosha. Siku moja, mgeni mmoja alipokuwa akipiga miayo, Ersilia akasema kwamba fuvu lile ni la bibi harusi aliyekufa asubuhi ya harusi yake. Miayo ikakoma. Simu zikainuliwa.

Tangu hapo Don Ciro, mwenye kampuni ya ziara, hakutaka habari nyingine. Wageni wakawa wanaacha maua meupe na vipande vya shela, na Gaetano akafunikwa. Marehemu hawezi kusimama akajitetea, kwa hiyo kumsingizia ni uovu mzito kuliko kumsingizia jirani. Ersilia alilijua hilo, na kwa aibu hakulitamka nyumbani.

Kisha mimba ya binti yake, Imma, ikaanza kusumbua, naye akaamriwa asiinuke kitandani. Jumatatu Ersilia akashuka kumwombea. Upepo wa kusini ulikuwa umeleta unyevu, kuta zinatiririka, mafuvu yote yamelowa. La Gaetano lilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

Alipopanda nyumbani alimkuta Imma ameukumbatia mto.

"Mama, nilisinzia nikamwota mwanamke ana shela. Kakaa hapo miguuni. Anasema mtoto ni wake, kwa sababu wewe ulimuua kabla hajazaa."

Ersilia akamuuliza nani kamsimulia habari za bibi harusi.

"Bibi harusi gani?" Imma akasema. Tangu utotoni hakuwahi kukanyaga pangoni.

Kesho yake Ersilia alisimama mbele ya wageni akaondoa shela zote juu ya fuvu.

"Hakukuwa na bibi harusi. Nilimtunga mimi. Huyu ni Gaetano, alibeba magunia bandarini, na mimi nilimnyang'anya jina lake."

Don Ciro akamvuta pembeni. "Donna Ersilia, umelewa asubuhi yote hii? Watu wamekuja kumwona bibi harusi, wewe unawapa kuli."

"Basi waletee mama yako na shela yake, Don Ciro. Huyu si wa kuchezewa."

Alinyang'anywa funguo za pango palepale. Kabla ya kutoka alipitisha kitambaa juu ya fuvu, na kitambaa kikalowa.

Nyumbani Imma alikuwa anakunywa supu, rangi imemrudia usoni.

"Nimemwota tena yule wa shela," akasema. "Safari hii hakuingia. Kuna mwanamume wa mabega mapana kakaa kizingitini, kaziba mlango."

"Kwa hiyo yule mwanamke ameondoka?"

Imma akaweka kijiko chini. "Hapana, mama. Yuko ngazini. Hamtaki mtoto tena. Anakuita wewe."