Maji Yaliyozoleka

Shangazi alikuwa dobi wa nguo za wakubwa, na ulimi wake uliwasha kuliko sabuni yetu. Sote wa chumba cha kufulia, nyuma ya ofisi ya mtawala, tulimwita Shangazi, ingawa shangazi wa kweli alikuwa wa binti mmoja tu, yatima wa kaka yake, aliyekaa kwenye meza ya pasi.

Binti huyo alikuwa na kipawa. Kisiwani kwetu wapo wanaosikilizwa na maji: yakimwagika, hukunjua viganja tu, wakayarudisha ndooni bila kuyagusa. Kabla wageni hawajaja na bendera yao, huo ulikuwa mchezo wa kuchekesha watoto. Siku hizi anayejulikana kuwa nacho hupakiwa melini, na hajarudi hata mmoja. Shangazi mwenyewe hakuwa nacho hata chembe. Alichokuwa nacho ni huyo mtoto, na hofu yake aliificha kwa makelele.

"Funga viganja, wewe! Unataka kuniua kwa presha?"

Asubuhi moja mkaguzi aliingia na askari wawili. Lugha yetu alijifunza vitabuni, maskini, na methali alizipenda kama mtoto apendavyo peremende. Akaipiga teke ndoo ya kusuuzia. Maji yakatapakaa sakafuni.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, akitabasamu. "Au sivyo?"

Kipawa ni kama chafya, ukishtuliwa, kinatoka. Maji yakatetemeka, yakaanza kujivuta kuelekea meza ya pasi.

Shangazi akaruka katikati. "Ni mimi, bwana mkubwa. Nimezeeka, kujizuia siwezi tena."

"Yazoe, basi."

Akanyoosha mkono. Maji hayakusogea. Askari mmoja akacheka. Nasi tulijua: yasipoinuka, ataulizwa anamficha nani.

"Njooni," Shangazi akayaambia maji, kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia kinywani mwake. "Njooni jamani, msiniaibishe."

Hakugeuka nyuma. Binti alielewa anayeambiwa ni nani. Akaiachia pasi, akakunjua viganja chini ya meza.

Maji yakainuka yote, yakaingia ndooni.

Wakamfunga Shangazi mikono. Mlangoni akageuka, mkali kama kawaida yake.

"Wewe binti, toa pasi hapo! Utaunguza shati la watu."

Binti akaitoa. Kulia asingeweza mbele yao, maana machozi nayo ni maji.