Jozi Arobaini za Verdell

Kwa miaka ishirini na sita Verdell Gadsden alitunza viatu vya wacheza baleti pale Harlem, na katika miaka yote hiyo hakuna kilichomkera kama zile siku tisa za filamu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi: binti wa baleti anampenda kijana anayecheza ndani ya treni za chini ya ardhi, na mwishoni wanacheza pamoja katikati ya barabara. Binti aliigizwa na Shantrice Boykin. Kijana aliigizwa na Deshon, ambaye walimtoa kwenye treni hizo hizo. Mwongozaji, Bwana Pruitt, aliagiza jozi arobaini za viatu vya kuchezea juu ya ncha za vidole.

Viatu hivyo hutoka dukani na rangi ya waridi, rangi ya miguu ya watu wengine. Shantrice ni mweusi. Basi Verdell alikaa jikoni kwake wiki mbili akivipaka fondesheni ya kahawia kwa sifongo, mpaka usijue mguu unaishia wapi na kiatu kinaanzia wapi.

Walipoanza kurekodi ile ngoma ya barabarani, lami ikavila. Dakika ishirini, ncha zimelainika kama mkate uliolowa chai.

"Nilikwambia tangu Jumatatu," alimwambia Pruitt. "Tandika mbao, uzipake rangi ya lami. Barabara hii ni tupa ya kusagia chuma!"

"Bi Verdell, kamera itaziona mbao."

"Inaona mbao, haioni mtoto wa watu anavuja damu?"

Deshon akacheka. "Mama, mvalishe raba zangu."

"Nyamaza wewe! Raba zako zinanuka mpaka Bronx."

Siku ya tisa ilibaki jozi moja, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Shantrice ulikuwa umeng'oka. Pruitt akataka warudie mara moja tu. Verdell akaketi juu ya sanduku la viatu.

"Sitoi."

"Hilo si lako kuamua," Pruitt akasema.

Shantrice akamsogelea, akanong'ona. "Nipe tu, Bi Verdell. Wakinitoa mimi, nani atanirudisha?"

Verdell akainuka, akafungua sanduku. Akamfunga kidole kwa pamba na plasta, akamvisha. Deshon akamnyanyua binti juu, akamshusha. Shantrice akatua kwenye mguu ule ule na hakukunja uso. Watu wakapiga makofi. Verdell alikwenda nyuma ya gari la vifaa, akatukana peke yake mpaka koo likakauka.

Filamu ilipotoka, alikwenda kuiona na mumewe, Alphonso. Ngoma ya mwisho ikafika. Nyuso. Mabega. Mikono ya Deshon kiunoni mwa binti. Nyuso tena. Mguu, hakuna hata mmoja.

"Mbona imependeza," alisema Alphonso, bisi zimemjaa mdomoni.

"Viatu umeviona?"

"Viatu gani?"

Verdell akamnyang'anya bisi.

Kesho yake Shantrice akapiga simu. "Umeiona?"

"Nimeiona shingo yako."

Kisha binti akasema, "Ukucha haujaota bado, unajua?"

"Njoo Jumanne nikuangalie," Verdell akajibu, akakata simu kabla hajamtaja Pruitt kwa jina lisilosemwa mbele ya watoto.