Jiwe Lililobeba Jina la Baba

Katika ukoo wetu wa Kasongo mimi ndiye wa kwanza kupata diploma ya fizikia, na hakuna aliyenisomesha. Lubumbashi nilibeba saruji asubuhi, jioni nikaingia darasani na vumbi lake masikioni. Nilichonacho nilikitafuta mwenyewe.

Hukohuko nilijiunga na kundi la wanafunzi waliotumiwa picha za darubini kutoka ng'ambo. Tulilinganisha picha za kipande kimoja cha anga: nyota hazihami, lakini asteroidi, yaani jiwe linalolizunguka jua, husogea. Wenzangu waliipita nukta moja hafifu. Mimi nikaiona. Ikathibitishwa kuwa mpya, ikapewa herufi na tarakimu kama jina la muda, nami nikapiga hesabu ya mzingo wake: miaka minne na kitu kulizunguka jua, kati ya Mirihi na Mshtarii. Jina halisi huja baadaye sana, jiwe likishaonekana tena na tena na njia yake ikajulikana vizuri.

Niliporudi Kasongo kufundisha, nilimweleza mama. Baba alifukiwa na shimo la dhahabu kule Salamabila na mwili haukupatikana. Mama hana kaburi la kwenda kumwombea.

"Basi hilo jiwe lipewe jina la baba yako," akasema.

"Mama, bado. Lazima kwanza..."

"Lako ama si lako?"

"Ni langu."

Akachinjisha mbuzi. Majirani wakala, dua ikasomwa, jina likatajwa. Baba mdogo, ndugu wa baba, alicheka huku akitafuna: "Ee, dokta wa mawe! Batu banachimba ya chini, wewe unachimba ya juu. Dhahabu iko?"

Kwetu jina la marehemu likishatajwa hivyo, limekaa; halipewi mwingine. Sikulifikiria hilo mpaka dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza, ambaye jina la babu lilikuwa haki yake. Siku ya saba angenyolewa na kupewa jina.

"Kaka," dada alilia, "mutoto wangu anyimwe jina juu ya jiwe? Uko na hakika liko?"

Sikuwa na hakika. Jiwe lilikuwa limepita nyuma ya jua na sasa lilipaswa kutokea upande wa pili. Picha mpya zilikuwepo, lakini mnara wa simu wa Kasongo ulikuwa umekufa. Nikapanda pikipiki, nikapita Kabambare katika matope ya kufika magotini, mpaka Salamabila, penye wachimbaji na mtandao. Nilikaa katika kibanda cha kuchajia simu, kompyuta mapajani, nikafungua picha pale hesabu yangu iliposema. Nyota tupu. Nikapanua eneo. Nyota tupu. Jiwe nililiona kwa siku chache tu kabla halijajificha. Ni kama kuona kona moja ya barabara na kukisia inakoishia.

"Mwalimu, umefiwa?" akaniuliza muuza vocha. Nilikuwa nalia bila kujua.

Nilifika nyumbani siku ya saba yenyewe, wembe ukiwa tayari, mtoto amepakatwa na mama.

"Iko?" mama akauliza.

"Sikuiona, mama. Mupe mutoto jina la babu yake."

Dada akainua uso. Mama akaendelea kulowesha nywele za mtoto.

"Kule shimoni wachimbaji nao walisema hivyo. Tumechimba, hatumuoni, tuache. Sasa na wewe, mutoto wake, unaniambia tuache?"

Akamnyoa mjukuu wake, akampa jina la baba mdogo. Safari hii baba mdogo hakucheka.

Tangu hapo dada haniongeleshi. Mtandao ukirudi nafungua picha, napekua, nafunga. Kosa dogo katika hesabu yangu linakua kila mwezi, kwa hiyo anga ninalotakiwa kulipekua linazidi kupanuka, na macho ni haya mawili. Wengine wenye darubini kubwa wanaweza kuliona jiwe kesho na kuliita la kwao. Kasongo nzima ni mimi peke yangu ninayejua kuipiga hesabu hii. Zamani nilitembea kifua mbele kwa sababu hiyo. Sasa natamani angekuwepo hata mmoja wa kuniambia nimekosea wapi.

Mama huja na kusimama nyuma ya kiti changu. Haulizi tena. Anaangalia zile nukta nyeupe, moja baada ya nyingine, na midomo yake inatikisika kwa dua.