Soseji za Bia

Binti yangu ananishangaa. Hapa Buffalo, kila akikaanga soseji za Kijerumani, mimi natoka jikoni. "Mama, si chakula tu?" ananiuliza kwa Kiingereza chake. Chakula tu! Hayo amwambie mwingine.

Baba yake alizijulia Louisville, kiwandani. Mzee mmoja mwenye asili ya Ujerumani, aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye mashine moja, alikuwa anamletea alizopika mwenyewe. Mume wangu alizila miaka na miaka bila kujua kwamba zinachemshwa kwenye bia. Mtu aliyeokoka, anayeongoza maombi! Siku alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini, akatubu, akaendelea kula. Mimi hakunigusia neno.

Aliniambia tukiwa Columbus, saratani ikiwa imeshamziba tumbo. Ugali alikataa, sombe, majani yetu ya muhogo, alikataa, hata mchuzi mtupu wa kuku alikuwa anaugeuzia uso. Nilikuwa nimebaki na ombi moja tu kwa Mungu: ale kitu, chochote, nikione kinashuka. Basi mchana mmoja akasema, "Mama watoto, natamani zile soseji za yule mzee wa kiwandani. Yaani, zile za bia."

"Ebo! Bia, katika nyumba hii?" Hata harusi yetu watu walikunywa soda.

Lakini nilienda. Niliendesha gari mpaka Gahanna, mbali na watu wetu, nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Na nani yuko nyuma yangu kwenye foleni ya duka? Mama shemasi wa kanisa letu! Akaiangalia bia, akaniangalia mimi.

"Ya mgonjwa," nikamwambia. "Na ukitaka kusema, kaseme."

Alinishika mkono tu, na hapo ndipo nilipoanza kulia, mbele ya watu wote.

Nilipika kama alivyonielekeza kutoka kitandani: vitunguu, bia, moto mdogo, usizitoboe, halafu uzikaange kwenye siagi mpaka ziwe kahawia. Nyumba ikanuka kama baa. Akacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu baridi ianze, nikajiambia, leo atakula.

Alikata kipande, akatafuna, akatafuna. Kisha akakitema taratibu kwenye kitambaa.

"Ni zenyewe kabisa," akasema. "Ila hakishuki, mama. Usilie. Kula wewe, nikuone."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikazila zote, mimi ambaye bia sikuwahi kuigusa kwa ulimi, machozi yakidondoka kwenye sahani. Naye alikuwa ananitazama mdomoni, na kila nilipotafuna, alitafuna pamoja nami, mdomo mtupu.