Aliyekaa Dirishani

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na pale Babati kila jambo liliundiwa kikundi. Wafuga nyuki walikuwa na chao, wauza maziwa walikuwa na chao, na sisi walevi wa Maisaka tuliotaka kuacha pombe tulikuwa na chetu. Tulikutana Jumapili alasiri katika darasa la shule. Mimi Halidi, muuza vitenge, ndiye niliyekuwa Muislamu pekee. Miaka mingi nilinywea pombe kali kwenye chupa ya soda, nikidhani nawadanganya wateja na Mungu pia.

Katarina, tuliyezoea kumwita Mama Jenipher, alitufikia kwa makosa. Aliambiwa Maisaka kuna kikundi cha walevi, naye akaja na kikombe chake. Alikaa, akakinyoosha, akamiminiwa chai ya tangawizi. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mwingine angesusa, lakini yeye aliinywa yote, kisha akatueleza habari zake.

Alikuwa mjane wa Hilary, mfyatua matofali wa Nakwa aliyeuawa na gongo. Baada ya mazishi, mama naye akaishika chupa pale mumewe alipoiachia. Kila alipokunywa, alimwaga kwanza kidogo kizingitini, fungu la marehemu. Binti yao Jenipher alivumilia weee, mwisho akahamia Dareda kwa shangazi yake. Aliaga kwa neno moja tu, kwamba atarudi siku nyumba itakapoacha kunuka gongo.

"Namtaka mwanangu," alisema Mama Jenipher. "Basi."

Na akaacha kweli. Nasema hivyo kwa wivu, maana mimi nilikuwa nikiacha na kurudia kama mtoto wa chekechea. Alitetemeka, akatapika, akakonda, akapata nafuu. Alifua mashuka, akaipiga nyumba chokaa, akatupa vyombo vyote vya pombe. Harufu ikagoma kutoka. Jenipher alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akanusa, akageuka na mkoba wake begani.

Kisha tukaanza kuinusa na sisi.

Kikundi chetu kilikuwa na sheria moja. Aliyekunywa siku hiyo hafukuzwi, ila anakaa nje, chini ya dirisha, asikilize bila kusema. Jumapili moja Mama Jenipher alipoingia, gongo ilinuka darasa zima. Tulitazamana. Panapofuka moshi pana moto, mmoja akanong'ona.

"Mama Jenipher, sheria unaijua," alisema Mzee Modesti, fundi viatu, mwenyekiti wetu. "Nenda dirishani."

"Sijanywa, baba. Njoo uninuse."

Mzee Modesti akaenda. Alimnusa mdomo, akakuta tangawizi tupu. Alimnusa viganja na kanga. Halafu akainama kwenye benchi, kushoto kwa yule mama, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alirudi nyuma upesi, mkono puani.

"Huyu umekuja naye tangu lini?" akauliza.

"Tangu niache," alisema Mama Jenipher, bila kugeuza shingo. "Mimi nimeacha, yeye hajaacha. Zamani nilimpa fungu lake. Sasa hapati, ndiyo maana ananifuata. Usiku analala upande wake uleule."

Safari hii hakuna aliyecheka. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Miguu ilitaka mlango, na mlango ulikuwa upande wao.

Mzee Modesti alivua kofia.

"Karibu, Baba Jenipher," aliiambia ile nafasi tupu. "Lakini sheria ni sheria, na wewe umekunywa. Kaa dirishani, utatusikia."

Vumbi la chaki liliinuka sakafuni. Harufu ilipita mbele yangu taratibu, kama mtu anayejibana asikanyage miguu ya wenzake, ikatoka mlangoni. Baada ya kitambo ikaingia tena kupitia dirishani, na huko ikatulia.

Tukaendelea na kikao, tungefanya nini? Kila mmoja alipaza sauti kuliko kawaida. Zamu yangu ilipofika nilisema ukweli mtupu, hata ule wa chupa ya soda, kwa sababu sikuthubutu kumwongopea marehemu. Mwisho Mama Jenipher akasimama, akaelekea dirishani.

"Baba Jenipher," alisema, "siwezi kukupa tena. Nikikumiminia wewe nitaonja na mimi. Mtoto nimemkosa. Sijakuchoka, lakini nenda ukapumzike."

Harufu ilififia polepole, mwisho dirishani pakanuka vumbi na mashamba ya mahindi tu. Tulimpongeza, wengine wakampigia makofi. Yeye alijifunga kanga yake vizuri na kushika njia ya nyumbani, akigeukageuka kutazama nyuma.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Jenipher mwenyewe. Alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni, akanusa. Chokaa tu. Aliingia kwa furaha akiita, akamkuta mama yake kitandani amekumbatia koti kuukuu la Hilary. Alikuwa analinusa kwenye kola, mifukoni, kwapani, halina kitu. Alikuwa analia kilio cha msiba, kile cha sauti, na majirani walishaanza kuingia uani.

"Mama, kuna nini?"

"Mwanangu," alisema, "baba yako amefariki."